CV yenye muundo wa kuvutia kwa fundi wa umeme wa jua: nini kibaki, nini kitoke?

UmemeJua_Moro:

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi sanifu wa umeme wa jua, nipo Morogoro. Nina cheti cha VETA ngazi ya tatu, leseni ya EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji) na miaka saba kazini: mifumo ya nyumbani, pampu za visima, zahanati na shule. CV yangu ya zamani ilikuwa kurasa tatu za maandishi matupu. Sasa nimeihamishia kwenye kiolezo cha Canva (programu ya usanifu ya mtandaoni). Safu ya kushoto ni ya bluu iliyokolea, ina picha yangu, simu na barua pepe zenye vialama, na vipau vya ujuzi (kufunga mifumo asilimia 90, AutoCAD asilimia 70, Kiingereza asilimia 80). Safu ya kulia ina kazi nilizofanya.

Kwenye kompyuta inapendeza. Shida ni kwamba kwenye simu maandishi ni madogo mno. Ikichapwa nyeusi na nyeupe, safu ya kushoto inakuwa kiza na namba ya simu haisomeki. Na kwenye tovuti za kuomba kazi zinazojaza fomu zenyewe kutoka kwenye CV, jina la kampuni linaingia pa cheo, tarehe zinachanganyika, simu haitokei kabisa. Faili lina MB 6.

Je, nirudi kwenye maandishi matupu? Kazi nilizofunga nizionyesheje, maana ndizo zinazobeba sifa yangu? Na hati moja inaweza kutumika kwa kampuni na kwa mteja wa nyumbani?

Msanifu Kurasa:

Karibu mkuu. Usirudi kwenye maandishi matupu, ila achana na hicho kiolezo. Violezo vingi hutengenezwa vivutie vikiwa picha ndogo ndani ya orodha ya violezo, maana hapo ndipo vinapochaguliwa. Ndiyo sababu vina safu nzito ya rangi na miduara mingi. Atakayesoma CV yako yuko kwenye kazi nyingine kabisa: anatafuta leseni, miaka, na ukubwa wa mifumo uliyoishika.

Nianze na tovuti zinazovuruga maandishi, kwa sababu hapo ndipo maombi yanapopotea bila mwombaji kujua. Programu inayosoma PDF haioni ukurasa unavyoonekana kwako. Inachukua vipande vya maandishi kwa mpangilio vilivyowekwa ndani ya faili, au inasoma mstari mzima kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiwa na safu mbili zinazokwenda sambamba, mstari wa kushoto unaungana na wa kulia, na "AutoCAD" inakaa katikati ya jina la mwajiri. Kialama cha simu ni mchoro tu, hakina neno. Programu inaona tarakimu bila kujua ni za nini. Na kama wakati wa kupakua uliweka alama kwenye chaguo la kubapa PDF ("Flatten PDF"), ukurasa wote umegeuka picha na hakuna herufi hata moja ya kusomwa.

Jaribio ni la dakika moja. Fungua PDF kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+C, halafu bandika kwenye Notepad. Unachokiona pale kinakaribia sana kile ambacho mfumo unakipata. Angalia mambo matatu: mpangilio wa sehemu, simu na barua pepe kama zimetoka kamili, na vichwa vya sehemu. Vichwa vilivyoachanishwa herufi kwa urembo mara nyingine hutoka "U Z O E F U", na mfumo hautambui kuwa hilo ni neno. Ukitumia Word, usiweke jina na simu kwenye eneo la kijajuu (header), baadhi ya mifumo huliruka.

Sasa muundo wenyewe. A4 ni milimita 210 kwa 297. Acha milimita 20 kushoto na 20 kulia, unabaki na 170. Gawa hivi: 35 za tarehe, 5 za uwazi, 130 za maelezo. Kwa herufi za pointi 10.5, milimita 130 hubeba takriban herufi 70 kwa mstari, na huo ni urefu ambao jicho linausoma bila kupotea linaporudi mwanzo wa mstari unaofuata. Kwa macho ya msomaji hizo ni safu mbili, lakini ndani ya faili ni mkondo mmoja, ukizijenga hivi: kwenye LibreOffice Writer (programu ya bure inayofanana na Word) fungua mpangilio wa aya, weka ujongezo wa aya nzima sentimita 4, na wa mstari wa kwanza uwe hasi sentimita 4. Andika tarehe, bonyeza Tab, andika cheo. Tarehe inabaki kushoto, maelezo yote yanajipanga kulia, na ukinakili yanatoka kwa mpangilio sahihi. Usitumie visanduku vya maandishi, wala jedwali kama unaweza kuliepuka.

Ukubwa wa herufi uwe wa aina tatu, basi. Jina pointi 20 hadi 22, vichwa vya sehemu 12.5 vizito, maelezo 10.5 yenye nafasi ya pointi 14 kutoka mstari hadi mstari. Juu ya kichwa acha pointi 18, chini yake 6. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaacha nafasi sawa juu na chini, kichwa kinaelea katikati na msomaji hajui ni cha aya ipi. Fonti moja inatosha, kwa uzito wa kawaida na mzito. Lato, Source Sans na Noto Sans ni za bure na zinasomeka vizuri hata zikiwa ndogo.

Rangi, chagua moja tu. Najua watu wa jua mnapenda njano na machungwa, lakini machungwa ya #F5A623 (huo ni msimbo wa rangi kwenye kompyuta) juu ya nyeupe yana utofauti wa mwanga wa takriban 2 kwa 1, wakati kipimo cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa usomekaji wa kurasa za wavuti, kwa maandishi ya kawaida ni angalau 4.5 kwa 1. Bluu ya #1F3A5F inafika kama 11 kwa 1, hivyo itumie kwa jina na vichwa. Machungwa yaache kwenye mstari mwembamba chini ya jina, mahali pasipo na herufi. Kijivu cha tarehe kisipauke kupita #595959.

Dada Ajira:

Naunga mkono ya Msanifu, na naongeza upande wa anayechambua maombi.

Kaka, vipau vya ujuzi viondoe vyote. Asilimia 90 ya nini? Hakuna kipimo nyuma yake, kwa hiyo anayejua kazi haviamini, na asiyejua hapati cha kumsaidia kuchagua. Tena vinakuumiza: AutoCAD asilimia 70 inasomeka kama "kuna asilimia 30 hajui". Nafasi iliyochukuliwa na vipau hivyo inatosha kuandika kazi mbili kamili.

Badala ya "kufunga mifumo asilimia 90", andika mfano kama huu:

Mfumo wa kWp 5.4 juu ya paa la bati, Kilosa. Paneli 12 za W 450, inveta ya kW 5, betri ya lithiamu ya kWh 10. Kazi yangu: hesabu ya mzigo, mpangilio wa nyaya za DC, kufunga, kupima na kukabidhi.

Mistari mitatu hiyo inamweleza mhandisi unachoweza kuachiwa peke yako (kWp ni kilowati za juu kabisa za paneli, DC ni umeme unaotoka kwenye paneli, na inveta huugeuza uwe wa kutumia nyumbani). Neno "kazi yangu" ni la lazima. Mradi wa watu wanane ukiuandika kana kwamba ni wako, kwenye usaili swali la kwanza litakuwa "wewe ulifanya sehemu gani?" Afadhali jibu liwe kwenye karatasi tayari.

Kwa AutoCAD andika unachochora: mchoro wa mstari mmoja wa umeme, mpangilio wa paneli juu ya paa. Kwa Kiingereza andika unachofanya nacho: kuandika ripoti ya makabidhiano, kusoma mwongozo wa inveta, kufundisha mtumiaji.

Sehemu pekee ya CV yako inayostahili namba kubwa ni juu kabisa, chini ya jina. Weka mambo manne kwa herufi nzito: daraja la leseni na tarehe inayokwisha, jumla ya kWp ulizofunga, mfumo mkubwa kuliko yote, na mikoa uliyofanyia kazi. Kwa fundi umeme leseni ndiyo mlango, ikiwa imejificha ukurasa wa pili unamchosha mtu anayetaka kukuweka kwenye orodha. Hiyo jumla ya kWp isiwe ya kukisia. Fungua jedwali la kompyuta lenye safu za mwezi na mwaka, wilaya, kWp, idadi ya paneli, inveta, betri, sehemu yako katika kazi, na mtu wa kuthibitisha. Kila ukikabidhi mfumo, jaza mstari mmoja. CV, ukurasa wa picha na namba za juu vyote vichote humo, ili visipingane.

Picha yako ya uso: inategemea unakoipeleka. Kwa kazi za Uingereza na Marekani iondoe kabisa. Kwa nchi za Ghuba kuweka picha na uraia ni jambo la kawaida, na mafundi wetu wengi huomba huko. Hapa nyumbani fuata tangazo linavyosema. Namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya nyumba visikae kwenye hati inayozunguka WhatsApp. Utaombwa ukishapata kazi. Na kwa Ajira Portal ya serikali usipoteze nguvu kwenye muundo, pale unajaza taarifa zako kwenye sehemu zilizopangwa. Umakini uende kwenye majina na tarehe zifanane na vyeti.

PichaMajengo:

Mimi niseme kuhusu kuonyesha kazi, kwa sababu paa lenye paneli kila fundi analo kwenye simu yake na yote yanafanana. Kinachotofautisha fundi na fundi ni vitu vinavyoonekana ukisogea karibu.

Kwa kila mfumo chagua picha tatu au nne. Ya kwanza ni paa zima, ioneshe paneli zimenyooka na kivuli hakizifikii. Ya pili ni klampu na reli kwa karibu, pamoja na mahali skrubu ilipopenya bati na jinsi ulivyoziba maji. Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: kisanduku cha nyaya za DC kikiwa wazi. Hapo mhandisi anaona nyaya zimepinda kwa duara lisilovunja ganda, kila waya una lebo pande zote mbili, matundu ya kuingilia yamezibwa kwa kifungio chenye mpira, sakiti breka ni za DC kweli, na kila skrubu ya terminali ina alama ya kalamu kuonyesha ilishakazwa kwa kipimo. Picha moja ya namna hiyo inazidi aya nzima ya "nafanya kazi kwa umakini". Ya nne ni skrini ya inveta mfumo ukifanya kazi, saa ikionekana.

Kupiga: paneli ni kioo. Saa sita mchana zinarudisha anga lote na bati linawaka jeupe. Piga asubuhi au baada ya saa kumi jioni, simama pembeni ya paneli badala ya mbele yake, futa lenzi ya simu kwa kitambaa safi. Kisanduku kipigie kwenye kivuli, ukiwa umbali wa mita moja na kukuza mara mbili. Ukisogeza simu karibu mno, kingo za kisanduku zinapinda na kazi iliyonyooka inaonekana imepogoka. Mweko wa simu uzime, lebo zinang'aa na hazisomeki.

Vipimo vya kuweka kwenye ukurasa: picha ya upana wa milimita 80 ikichapwa kwa DPI 300 (nukta 300 kwa inchi) inahitaji pikseli 945 tu. Picha ya simu ina pikseli 4000. MB 6 zako zimetoka hapo. Punguza kila picha hadi pikseli 1200 kabla ya kuiweka, itatosha kuchapa na kukuza kwenye simu. Kwenye LibreOffice, unapotoa PDF, weka ubora wa JPEG 85 na kikomo cha DPI 300. Faili la ukurasa wa picha sita litapungua sana.

Chini ya kila picha weka mstari mmoja: wilaya, mwaka, kWp, na jambo ambalo msomaji aliangalie. "Kisanduku cha DC, mistari miwili ya paneli sita, lebo pande zote" inafaa kuliko "Kazi yetu".

Na tafadhali omba ruhusa ya mwenye nyumba. Geti, namba ya kiwanja na namba za magari zikate. Ukituma picha WhatsApp kama hati, inaweza kubeba mahali ilipopigwa ikiwa simu ilikuwa imewashwa kurekodi mahali. Betri na inveta ni mali inayoibika, usiwachoree watu ramani.

UmemeJua_Moro:

Nashukuru sana wakuu. Jaribio la Notepad nimelifanya, kweli simu haipo kabisa na "Uzoefu" imekatika. Nina swali jingine. Kazi zangu nyingi ni za mkataba mfupi na zinaingiliana: huku nimeajiriwa, huku nina kazi za wateja wangu jumamosi. Nikiziorodhesha kwa tarehe zinaonekana kama natangatanga. Kuna namna ya kuzichora?

Msanifu Kurasa:

Ipo, na ni ya zamani. Joseph Priestley alichora maisha ya watu mashuhuri mwaka 1765 kwa njia hiyo: kila mtu mstari mmoja, urefu wa mstari ni miaka aliyoishi, wote juu ya kipimo kimoja cha wakati. Ukitazama unaona mara moja nani aliishi pamoja na nani. Mikataba inayoingiliana ni tatizo lilelile.

Chukua zile milimita 130. Kwa miaka saba mpe kila mwaka milimita 16, jumla 112, nafasi iliyobaki ni ya maneno. Chora mistari myembamba ya kijivu kwenye kila Januari na uandike mwaka juu yake kwa pointi 8.5. Kila kazi iwe kipau chenye unene wa milimita 3, kianze na kuisha kwenye mwezi halisi: mwezi mmoja ni kama milimita 1.3. Ajira ya kudumu ijaze bluu. Mikataba ya muda ijaze bluu ile ile iliyopauka. Kazi zako binafsi ziwe mstari wa nje tu, ndani peupe. Tofauti hiyo haitegemei rangi, kwa hiyo inabaki hata kwenye karatasi ya nyeusi na nyeupe. Jina la kazi liandike pembeni ya kipau chenyewe, usitengeneze ufunguo chini unaomlazimisha msomaji kupanda na kushuka.

Zipange kwa aina: ajira juu, mikataba katikati, binafsi chini. Zikichanganywa kwa tarehe mchoro unakuwa ngazi isiyosema kitu. Zikipangwa kwa aina, anaona ajira mbili ndefu na chini yake mkondo usiokatika wa kazi zako. Pengo likiwepo litaonekana, na usilifiche. Andika juu yake kwa herufi ndogo kilichokuwepo, kwa mfano "masomo, ngazi ya tatu".

Kipimo kiwe kimoja mwanzo hadi mwisho. Kuna violezo vinavyoweka vidoti vya tarehe kwa umbali sawa, mwezi mmoja na miaka mitatu vikionekana sawa. Hicho hakionyeshi wakati, kinaonyesha orodha tu. Utafiti wa Cleveland na McGill wa mwaka 1984 ulipima watu wanavyosoma michoro, na nafasi kwenye kipimo kimoja ilisomwa kwa usahihi zaidi kuliko urefu na pembe. Kwa sababu hiyo hiyo miduara ya asilimia haifai.

Mchoro huu uuweke kwenye ukurasa wa kazi, pamoja na picha. Kwenye CV ya kupandisha kwenye mifumo, andika kwa maneno: kichwa kimoja "Fundi huru, 2019 hadi sasa", chini yake mikataba mitano mikubwa bila tarehe za siku. Inkscape inatosha kwa kuchora, au LibreOffice Draw. Ukitoa PDF, hakikisha maandishi ya mchoro hayajageuzwa kuwa mistari, vinginevyo hayanakiliki.

Mchapaji K/koo:

Habari za kazi. Naona karatasi imesahaulika, na kwetu bado watu wanapeleka CV mkononi.

Mashine nyingi za dukani hazichapi hadi ukingoni, zinaacha milimita 4 au 5 nyeupe kila upande. Ile safu ya bluu inayogusa ukingo itatoka na fremu nyeupe isiyo sawa, na wino ukiwa umepungua itakuwa na mistari. Kwa hiyo hata kama ungekuwa na hela ya rangi, safu hiyo ingekusumbua. Kabla ya kuchapa nakala kumi, toa moja nyeusi na nyeupe, kisha itolee kopi kwenye mashine ya kawaida. Nakala ya kopi ndiyo itakayofika mezani kwa bosi. Kama tarehe za kijivu zimepotea, zikoleze.

Karatasi ya gramu 80 inaonyesha maandishi ya upande wa pili. Kwa CV omba gramu 100 au 120, bei haiachani sana. Sema wazi kwenye kaunta wachape kwa ukubwa halisi asilimia 100, wakiacha chaguo la "kutosha kwenye ukurasa" mashine itapunguza na herufi zako za 10.5 zitakuwa 10.

Kwa wateja wa nyumbani kadi inafanya kazi kuliko CV. Ukubwa wa kawaida ni milimita 85 kwa 55. Faili liwe 91 kwa 61, yaani milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, na maandishi yasikaribie ukingo wa kukata chini ya milimita 4. Herufi ndogo kabisa pointi 7. Karatasi gramu 300 hadi 350. Ukiona bluu kali ya kwenye kioo, jua kwamba kwenye wino itapoa kidogo. Hiyo #1F3A5F aliyoitaja Msanifu haibadiliki sana, ndiyo maana naipenda.

Msimbo wa QR una kanuni zake. Uuelekeze moja kwa moja WhatsApp: https://wa.me/ ikifuatiwa na namba yako ya tarakimu 12 inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Kiungo hicho kina herufi 26, kiasi kinachoingia kamili kwenye msimbo wa viraba 25 kwa 25 wenye kiwango M cha kujirekebisha. Ukiuweka kwenye kiungo kirefu, viraba vinaongezeka na kila kimoja kinakuwa kidogo. Pande zote acha uwazi mweupe wa viraba vinne. Kwa milimita 20 pamoja na huo uwazi, kila kiraba kina takriban milimita 0.6, simu ya kawaida inausoma. Uwe mweusi au bluu iliyokolea juu ya nyeupe, usiugeuze uwe mweupe juu ya giza, na usiweke nembo katikati. Jihadhari na tovuti zinazokutengenezea msimbo unaopitia kwao kwanza: muda wa bure ukiisha, kadi zako zote mia tano zinakufa.

UmemeJua_Moro:

Mchapaji, hilo la 255 sikulijua. La mwisho: nembo. Nimechora jua lenye balbu ndani. Niiweke kwenye CV na kwenye kadi?

Msanifu Kurasa:

Kwenye CV hapana, unaomba kazi kama mtu. Kwenye kadi, jua lenye balbu wanalo mafundi wengi kuliko unavyodhani, na likipunguzwa kuwa milimita 8 miale inaungana inakuwa doa. Andika jina lako kwa Lato nzito, bluu, na chini yake "Umeme wa jua · Morogoro" kwa uzito wa kawaida. Hilo ndilo nembo yako. Litumie jinsi lilivyo kwenye kadi, kwenye ukurasa wa kazi, kwenye fulana na kwenye lebo unazobandika ndani ya visanduku ulivyofunga. Hiyo lebo ya ndani usiidharau: fundi mwingine au mwenye nyumba akifungua miaka mitatu baadaye, ataona jina, tarehe na simu.

Jina liwe lile lile kila mahali, kama kwenye cheti. Picha ya wasifu wa LinkedIn ni pikseli 400 kwa 400 na hukatwa duara, kwa hiyo uso ukae katikati na kofia isiguse ukingo. Picha ya juu ni 1584 kwa 396. Weka pale kisanduku chako kizuri kuliko vyote, lakini kitu cha maana kikae kulia, kwa sababu kushoto chini panafunikwa na picha ya uso.

Dada Ajira:

Nikujibu lile la hati moja kwa wote, maana halijajibiwa. Tengeneza mbili kutoka jedwali moja.

Ya kampuni: CV kurasa mbili, kwa Kiingereza kama tangazo ni la Kiingereza, na nyuma yake kurasa mbili za kazi zenye picha na ule mchoro wa muda. Kwenye mfumo wa maombi pandisha CV peke yake. Kwa barua pepe ambatisha zote, faili mbili.

Ya mteja wa nyumbani: ukurasa mmoja wa Kiswahili, herufi pointi 13 kwa sababu atausoma kwenye simu. Mteja hahitaji kujua ulisoma wapi mwaka gani. Anataka kuona mifumo mitatu ya ukubwa tofauti, kila mmoja unawasha nini (taa ngapi, friji, televisheni, pampu) na kwa saa ngapi usiku, leseni yako, na unarudi lini kukagua baada ya kufunga. Bei usiiandike, vifaa hupanda na kushuka na ukurasa utazunguka muda mrefu.

Tuma kama hati, usitume kama picha, WhatsApp inabana picha na herufi zinavurugika. Jina la faili liwe jina lako, kazi, mwezi na mwaka. "CV mpya final 3" ikikaa kwenye folda ya maombi mia mbili haipatikani tena.